Namba ya siri ya mkulima isifike kwenye programu yako

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Makambako, najifunza kuandika programu za simu. Nimetengeneza programu ya kumsaidia mkulima wa parachichi kuona kilo alizopeleka ushirika, daraja alilopewa na fedha anazodai. Taarifa hizo zote zimo kwenye mfumo wa ushirika, na wana API, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kusoma taarifa. Kwa sasa mkulima anaandika namba yake ya simu na namba yake ya siri ya mfumo wa ushirika ndani ya programu yangu, mimi nazihifadhi, halafu programu inaingia kwa niaba yake. Wakulima sitini na kitu wanaitumia na wanaipenda. Juzi rafiki yangu anayesoma chuo huko Mbeya akaniambia kuwa ninafanya jambo la hatari na kwamba nitumie OAuth, utaratibu wa kuomba ruhusa bila kuchukua namba ya siri. Nimesoma hadi nimechanganyikiwa. Ruhusa ya mtumiaji inaombwaje hasa, na kwa nini njia yake ni ndefu hivyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako amekuambia kweli, na amekutendea wema. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, fanya jambo moja: kifunge kile kisanduku cha namba ya siri, asiongezeke mkulima mwingine. Hao sitini na kitu waliokwisha kuingia tutawarudia mwishoni, maana wana kazi yao peke yao.

Nianze na sababu, kwa kuwa ukiishika sababu, urefu wa njia hautakuchosha tena.

Programu yako inahitaji kusoma vitu vitatu: kilo, daraja na fedha anazodai. Namba ya siri haijui habari ya vitu vitatu. Inafungua kila alichonacho mkulima kwenye mfumo ule, ikiwemo sehemu ya kubadili namba ya simu ya kupokelea malipo. Mtu akiiba jedwali lako leo, hana haja na kilo za mtu yeyote. Atabadili namba za malipo usiku wa kuamkia siku ya kulipa, na kumbukumbu za ushirika zitaonyesha kwamba wakulima wenyewe ndio waliobadili. Hapo utajiteteaje? Na wao watajiteteaje?

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Namba hizi huwa ni tarakimu nne, na mama wa Rungwe au wa Wanging'ombe aliyezikariri tarakimu nne anazitumia kila mahali: kwenye mfumo wa ushirika, kwenye pesa za simu, kwenye kadi ya benki. Wengi huchukua mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Wewe unadhani umehifadhi ufunguo wa daftari la kilo, kumbe umehifadhi ufunguo wa pochi yake.

Na la tatu, mkulima akikuchoka hana namna ya kukuondoa wewe peke yako. Itabidi abadili namba ya siri, na akiibadili, programu nyingine yoyote aliyokuwa ameipa namba ileile nayo inakufa.

Nalisema hili nikiwa nimelifanya. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa Mbeya, niliandika mfumo mdogo kwa kikundi cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi, nikahifadhi namba zao za siri za mfumo mwingine, kama wewe. Kompyuta ya mwenzangu ikaibiwa safarini ikiwa na nakala ya jedwali. Tulitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba, tukiwaomba watu wabadili namba. Fedha ya mtu haikupotea. Lakini mzee mmoja aliniangalia akaniuliza, "Kwa hiyo muda wote huo ulikuwa unaijua?" Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau.

Sasa, wakulima wako tayari wanaijua njia iliyo sahihi, ila hawajui inaitwaje. Mama akinunua mbolea dukani pale Mwanjelwa na kulipa kwa simu, muuzaji anaandika namba ya mama na kiasi kwenye mfumo wake. Ujumbe unajitokeza wenyewe kwenye simu ya mama, ukitaja jina la duka na kiasi. Mama anaandika namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Muuzaji haioni. Anachopata ni jibu tu: imelipwa, au haikulipwa. Swali linaanzia dukani, lakini uamuzi unafanyika mlangoni kwa mtunza fedha, mbele ya mwenye fedha. OAuth imejengwa juu ya wazo hilohilo, ila badala ya kulipa mara moja, mtu anaruhusu programu irudi kusoma taarifa zake kwa muda.

Zamani hata mitandao mikubwa ilifanya kama wewe. Ulikuwa ukijiunga na huduma fulani, inakuomba nywila ya barua pepe yako ili ikutafutie marafiki. Watu waliokuwa wakijenga huduma hizo waliona hatari, na mwaka 2007 wakatoa OAuth ya kwanza. Twitter ilizima kabisa njia ya nywila kwenye API yake mwishoni mwa Agosti 2010. Toleo tunalotumia leo, OAuth 2.0, lilichapishwa Oktoba 2012 kwenye waraka wa RFC 6749 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), na limekuwa likirekebishwa tangu hapo kadiri watu walivyoumizwa nalo. Ukisoma mafunzo ya mwaka 2013 na ya mwaka huu kwa pamoja, lazima uchanganyikiwe, kwa sababu baadhi ya njia zilizofundishwa wakati ule sasa zimekatazwa.

Kuna wahusika wanne. Wachukulie kwa mfano wa ghala, kwa kuwa stakabadhi ghalani huku kwetu hazihitaji mkalimani. Mzee ana magunia kumi ya mahindi ghalani. Anataka kijana wake achukue mawili. Hampi kijana ufunguo wa ghala. Ufunguo wenyewe hanao. Anakwenda ofisini kwa karani, anajitambulisha, anasema, "Huyu kijana mpe mawili ya mahindi, maharage asiguse, na mwisho Ijumaa." Karani anaandika hati. Kijana anaipeleka kwa mlinzi wa ghala, mlinzi anaisoma, anatoa mawili. Mzee ni mwenye taarifa, yaani mkulima. Kijana ni programu yako. Karani ni seva ya vibali. Mlinzi ni seva inayotunza taarifa, yaani hiyo API ya ushirika. Karani na mlinzi wanaweza kuwa wa kampuni moja, hata kompyuta moja, lakini kazi zao ni mbili, na mlinzi hapaswi kumwuliza mtu nywila hata siku moja. Yeye anasoma hati.

Hati hiyo ndiyo tokeni. Neno unalijua kwa sababu ya LUKU, na tofauti yake na ile ya LUKU inafaa uiweke moyoni. Tokeni ya umeme ya tarakimu 20 imefungwa kwenye mita moja na inaingia mara moja. Jirani akiiokota haimsaidii. Tokeni ya kawaida ya OAuth haijafungwa kwa mtu. Yeyote aliyeishika, API inamfungulia, kama noti ya shilingi elfu kumi. Kwa hiyo isiandikwe kwenye kumbukumbu za seva, isitumwe WhatsApp kwa mwenzako ili "aitesti", isipite kwenye anwani ya ukurasa. Ipo njia ya kuifunga tokeni kwa mwenye nayo, inaitwa DPoP, ya mwaka 2023. Kama ushirika wataiweka, itumie. Kama hawana, ishi ukijua umebeba noti.

Sasa safari yenyewe. Mkulima anafungua programu yako na kubonyeza "Unganisha na ushirika". Programu inafungua kivinjari cha simu kwenye anwani ya seva ya vibali ya ushirika, ikiwa imebeba maelezo machache: mimi ni programu fulani, naomba mawanda haya, yaani ruhusa hizi mahususi, ukimaliza mrudishe mtu kwenye anwani hii. Mkulima anaandika namba yake ya siri hapo, kwa ushirika wenyewe. Anaonyeshwa ukurasa wa ridhaa unaosema nani anaomba nini. Akikubali, kivinjari kinarudi kwenye programu yako kikiwa na msimbo mfupi. Msimbo huo si tokeni. Programu, au seva yako, inaupeleka moja kwa moja kwa seva ya vibali, bila kupita kwenye kivinjari, na hapo ndipo inapewa tokeni. Kisha kila ombi kwa API linabeba tokeni kwenye kichwa cha Authorization, baada ya neno Bearer.

Umeuliza kwa nini ndefu. Kinachowachosha wengi ni huu msimbo wa katikati: kwa nini tusipewe tokeni papo hapo? Kwa sababu kile kinachorudi kupitia kivinjari kinaacha nyayo. Kinabaki kwenye historia, kinaweza kuingia kwenye kumbukumbu za seva, na kwenye simu ya Android programu nyingine inaweza kujisajili kuipokea anwani ileile ya kurudia. Msimbo ukionekana njiani hasara ni ndogo: unatumika mara moja, na waraka unapendekeza usiishi zaidi ya dakika 10. Kulikuwa na njia ya mkato iliyorudisha tokeni moja kwa moja, na nilifundishwa hiyo kwanza. Leo hii imeachwa. Mwongozo wa usalama wa Januari 2025, RFC 9700, unaelekeza kutoitumia, na ile njia ya programu kupokea nywila ya mtumiaji, yaani hiyo yako, imekatazwa waziwazi.

Lakini msimbo ukiibiwa ndani ya hizo dakika? Hapo ndipo inapoingia PKCE, ya mwaka 2015. Umewahi kutuma mzigo kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, ukachaniwa karatasi vipande viwili, kimoja kikabandikwa kwenye mzigo na kingine ukabaki nacho? Anayekuja kuuchukua lazima kipande chake kiingiane na kile cha mzigo. PKCE hufanya kazi hiyo kwa hesabu. Kabla ya kufungua kivinjari, programu inatengeneza maneno ya kubahatisha ya herufi 43 hadi 128, inayaficha, kisha inatuma alama yake tu iliyopigwa kwa hesabu iitwayo SHA-256. Wakati wa kubadili msimbo kwa tokeni, inatoa maneno yenyewe. Seva inayapiga upya na kulinganisha. Mwizi aliyenyakua msimbo njiani hana kipande cha pili, na kutoka kwenye alama ya SHA-256 hawezi kurudi nyuma hadi kwenye maneno. Weka PKCE hata kama unadhani programu yako ni ndogo mno kuibiwa. Ni mistari michache ya programu, na maktaba ya AppAuth inakufanyia.

Pamoja nayo tuma kigezo cha state, nacho ni neno la kubahatisha unalolituma wakati wa kwenda na kulihakiki wakati wa kurudi. Bila hakikisho la namna hii, mtu anaweza kumtumia mkulima kiungo kilichokamilishwa kwa akaunti ya mtu mwingine, na programu yako ikaamini kuwa huyu mama ndiye yule. Na anwani ya kurudia isajiliwe kamili, herufi kwa herufi. Usikubali "chochote kinachoanza na".

Nikae kidogo kwenye kivinjari, maana hapa vijana wengi wazuri wanaharibu. Utashawishika kuuonyesha ukurasa wa ushirika ndani ya programu yako, kwenye kile kidirisha cha ndani cha Android, ili mtu asione anatoka na kurudi. Inapendeza machoni. Lakini kidirisha hicho kiko mikononi mwako: unaweza kusoma kila kinachoandikwa ndani yake, na mkulima haoni anwani juu, kwa hiyo hana namna ya kujua kama ni ushirika kweli au picha yake. Umerudi palepale pa kushika namba ya siri, ila kwa mapambo. RFC 8252 ya Oktoba 2017 inakataza hilo kwa programu za simu. Fungua kivinjari halisi cha simu, au kile kichupo chake maalumu. Kutoka na kurudi ndiko kunakomlinda mkulima. Muache akuone unatoka.

Jambo jingine la simu: ushirika wakikupa siri ya programu, ile nywila ya programu yenyewe, usiiweke ndani ya faili la APK, lile linalosakinishwa kwenye simu. Yeyote mwenye faili hilo analifungua na kuisoma. Siri hiyo ikae kwenye seva yako, au usiwe nayo kabisa, utumie PKCE peke yake.

Tuje kwenye ukurasa wa ridhaa. Vitabu vinaupitia kwa sentensi moja, mimi nauona ndio moyo wa kazi yote. Unaomba mawanda gani? Omba machache kabisa. Kama ushirika wana kusoma_mapokezi, kusoma_malipo na kubadili_malipo, omba mawili ya kwanza. La tatu usiliombe hata ukiambiwa lipo bure. Na usiyaombe yote siku ya kwanza. Siku mkulima anafungua programu kwa mara ya kwanza, omba kilo. Siku atakapobonyeza "fedha ninazodai", omba malipo wakati huohuo, naye ataona swali linahusiana na alichokibonyeza. Mtu akiombwa vitu sita kwa pamoja, hasomi. Anabonyeza ili apite.

Maneno ya ukurasa huo ni ya ushirika, lakini kaa nao chini muyaandike pamoja, kwa Kiswahili cha mkulima. Usiwaache waandike "Programu inaomba mawanda ya kusoma rasilimali". Waandike hivi: "Programu hii itaona kilo ulizopeleka na daraja ulilopewa. Haitaweza kubadili namba yako ya malipo wala kutoa fedha. Unaweza kuiondoa wakati wowote hapa." Na kitufe cha Kataa kiwe na ukubwa uleule wa Kubali. Akikataa, seva itakurudishia kosa la access_denied. Lipokee kwa heshima, umwonyeshe kile anachoweza kufanya bila kuunganisha, usimrudishe kwenye swali lilelile mara tatu.

Ridhaa inaweza kuporwa hata pale ambapo hakuna nywila iliyoibiwa. Tarehe 3 Mei 2017 watu wengi walipokea barua pepe ikiwaalika kufungua waraka. Wakabonyeza, wakafika kwenye ukurasa halali kabisa wa Google, wenye anwani sahihi, ukiwauliza kama wanairuhusu programu iitwayo "Google Docs" isome barua zao na orodha ya watu wao. Programu hiyo haikuwa ya Google. Mtu alikuwa ameisajili kwa jina hilo. Waliokubali, barua zao zikatumika kuwaalika wengine, hadi Google walipoizima baada ya kama saa moja. Aliyekimbilia kubadili nywila hakuwa ameiondoa programu ile. Ilibidi aende kuifuta kwenye orodha ya programu alizoziruhusu. Kwa hiyo ushirika wawe na watu wanaokagua nani anasajili programu na kwa jina gani, na mkulima awe na ukurasa unaoonyesha programu zote alizoziruhusu, kila moja ikiwa na kitufe cha kuiondoa. Na wewe, mtu akijitoa kwenye programu yako, usifute tu tokeni kwenye simu. Itume kwa seva ya vibali ifutwe kule, kwa utaratibu wa RFC 7009.

Na mkulima mwenye kitochi je? Najua utakutana naye, maana nakutana naye kila nikipanda Isyonje au nikishuka Kyela. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba afisa ugani au karani wa kituo cha kukusanyia anashika kishikwambi chake, anauliza, "Mama, namba yako ya siri ngapi?", anaandika, anabonyeza Kubali. Kompyuta inaandika kwamba mama ameridhia. Mama hajaridhia, mama amejibu swali la mtu mwenye kalamu. Kuna njia bora. Utaratibu wa OpenID uitwao CIBA unaruhusu ombi lianzie kwenye kifaa cha karani lakini uthibitisho utokee kwenye simu ya mwenyewe, sawasawa na ule ujumbe wa malipo wa Mwanjelwa. Ushirika wenye huduma ya kupiga nyota na reli wanaweza kuutumia huo mlango: ujumbe unamfikia mama, unataja programu na kinachoombwa, anajibu 1 au 2. Inahitaji kazi upande wa ushirika, nakubali. Waombe waifanye. Mpaka hapo, mkulima wa kitochi apewe taarifa yake kwa ujumbe mfupi kutoka ushirika, nje ya programu yako.

Kuna jambo la milimani ambalo hulikuti kwenye mafunzo ya watu wa mijini. Tokeni ya kawaida inaishi muda mfupi, mara nyingi saa moja. Ikiisha, programu inatumia tokeni ya kuhuisha ili kupata mpya bila kumsumbua mkulima. Seva nyingi sasa hutoa tokeni ya kuhuisha mpya kila mara na kuifuta ya zamani. Ya zamani ikitumika tena, seva inahisi wizi na kukata kila kitu. Ni kinga nzuri. Sasa fikiria simu iko bondeni Makete. Programu imeomba kuhuisha, seva imetoa tokeni mpya, mtandao umekatika kabla jibu halijafika. Simu inajaribu tena kwa tokeni ya zamani, na seva inadhani ni mwizi. Mkulima anatolewa nje, anarudi kuandika namba ya siri, anaona programu yako ni mbovu. Zungumza na ushirika waweke nafasi ya sekunde kadhaa ambapo tokeni ya zamani bado inakubalika. Upande wako, hakikisha maombi ya kuhuisha yanakwenda moja kwa wakati. Sehemu mbili za programu zikihuisha kwa pamoja, utajikata mwenyewe. Na usihesabu muda wa tokeni kwa saa ya simu peke yake, kwa kuwa simu nyingi huku zina saa isiyo sahihi. Subiri API ikujibu 401, yaani tokeni haikubaliki, ndipo uhuishe. Ukipata 403, kuhuisha hakutakusaidia: mkulima hakukupa wanda hilo, rudi umwombe.

Mambo mawili nayapitia haraka. Tokeni ya OAuth inasema programu imeruhusiwa nini. Haikuthibitishii mtu ni nani. Ukitaka mtu aingie kwenye programu yako kwa akaunti ya ushirika, tumia OpenID Connect, iliyojengwa juu ya OAuth mwaka 2014. Na kama siku moja ushirika watataka seva yako isome jumla za kituo, si za mtu mmoja, hapo hakuna mtumiaji wa kuombwa. Programu inajitambulisha yenyewe kwa seva ya vibali.

Hukusema kama mfumo wa ushirika tayari una OAuth. Kama hauna, usikubali wakupe ufunguo mmoja unaofungua wakulima wote. Utakuwa umebadilisha jedwali la namba za siri sitini kwa ufunguo mmoja mbaya kuliko zote. Mtafute fundi wao, mkae. Wasiandike seva ya vibali kutoka mwanzo. Keycloak ni programu huria, imekomaa, nao wanaweza kuiweka mbele ya mfumo walionao. Wakisitasita, wakumbushe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wao wanakusanya taarifa za watu, wewe unazichakata, na wote wawili mnapaswa kuwa mmesajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumbukumbu ya nani aliruhusu nini, lini, na aliondoa lini, OAuth inakupa. Jedwali la namba za siri haliwezi kukupa hilo.

Wakati mnajenga, programu yako isife. Mkulima aingie mwenyewe kwenye mfumo wa ushirika, apakue taarifa yake ya msimu, aipakie kwako. Ni mwendo wa polepole, lakini mkono ni wake.

Sasa wale sitini na kitu. Futa safu ya namba za siri kwenye jedwali. Kisha tafuta nakala: hifadhi rudufu za kila usiku, kompyuta yako, faili ulilomtumia rafiki, kumbukumbu za seva zilizoandika maombi ya kuingia. Futa kote. Waeleze ushirika kwa maandishi ulichokuwa ukihifadhi na tangu lini, ili waangalie kama kuna namba ya malipo iliyobadilishwa katika kipindi hicho. Halafu waandikie wakulima kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Mimi ningeandika hivi, na ningewapigia simu wale wasiosoma:

"Ndugu mkulima, programu yetu ilikuwa inahifadhi namba yako ya siri ya mfumo wa ushirika. Lilikuwa kosa letu. Tumeifuta leo. Tafadhali ibadilishe kwenye mfumo wa ushirika. Kama namba hiyohiyo unaitumia kwenye pesa za simu au benki, ibadilishe na huko pia. Hatutakuuliza tena namba ya siri. Ukiulizwa na mtu kwa jina letu, usimpe, tupigie."